Maswali ya Wasomaji: Leza Ukumbini Bila Kuumiza Macho ya Watu

Barua nyingi safari hii ni za leza. Mashine za wati 2 na 3 siku hizi hukodishwa pamoja na spika na mashine ya moshi, kana kwamba ni taa kama taa nyingine. Si hivyo. Taa ya kawaida hutawanya mwanga. Leza huubana wote kwenye mwale mwembamba, na mwale huo ukiingia jichoni, lenzi ya jicho huubana tena hadi nukta ndogo mno kwenye retina. Palipohitaji maelezo marefu tumeeleza kwa kirefu. Pengine tumejibu kwa mkato.

Nimenunua leza ya rangi tatu ya wati 3. Kazi ya kwanza ni ukumbi wa Kizingo, Mombasa, urefu mita 20, dari mita 5, jukwaa la maharusi limeinuliwa sentimita 60. Niifunge wapi na nianze na nini? — Fundi wa taa, Majengo

Anza na mita 3. Mwale wowote usipite chini ya mita 3 kutoka mahali pa juu kabisa ambapo mtu anaweza kusimama, wala usimkaribie mtu kwa kando chini ya mita 2.5. Ndivyo kanuni za Marekani za maonyesho ya leza zinavyotaka pale ambapo fundi yupo kwenye mashine muda wote. Angalia vizuri: hesabu haianzii sakafuni. Juu ya jukwaa lako la sentimita 60, mita 3 zinakuwa mita 3.6. Kama ukumbi una roshani ya wageni, unapima kutoka sakafu ya roshani, na hapo utagundua kwamba kumbi nyingine hazifai leza kabisa.

Mbona juu hivyo? Leza ya wati 3 yenye mtawanyiko wa miliradiani 1, yaani mwale unaopanuka milimita 1 kwa kila mita, ni hatari kwa jicho hadi mita 390 hivi, takriban urefu wa Daraja la Nyali. Kwenye mita 20, mwale uliosimama mahali pamoja una upana wa sentimita 2.3 na nguvu ya miliwati 720 kwa kila sentimita ya mraba. Kiwango ambacho jicho hustahimili kwa robo sekunde, yaani muda wa mtu kushtuka na kupepesa, ni kama miliwati 2.5. Hapo umezidisha zaidi ya mara 280, na kupepesa hakumsaidii mtu.

Kwa ukumbi wako, lenzi iwe mita 3.7, upande wa jukwaani, ikitazama ukuta wa nyuma. Mwale wa chini kabisa uende sawa au uinuke kidogo. Ukipanda nyuzi 3 utaugonga ukuta wa nyuma kwenye mita 4.75, chini kidogo ya dari. Sasa geuza hesabu hiyo: klampu ikilegea nyuzi 3 kuelekea chini, kwa jicho hutaona tofauti yoyote pale kwenye mashine, lakini kule mwisho mwale umeshuka zaidi ya mita 1, uko mita 2.65. Mtoto aliyebebwa mabegani yuko hapo hapo. Ndiyo maana kukaza boliti peke yake hakutoshi.

Nenda ukumbini mchana kwanza, taa zimewaka, utafute kila kinachong'aa juu ya mita 2.5: vioo, madirisha, fremu za aluminiamu, feni za dari, mpira wa vioo wa disko, puto za karatasi ya fedha. Kioo cha dirisha hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso wake. Asilimia 4 ya wati 3 ni miliwati 120, na hizo bado zinaunguza retina. Kioo cha kujitazamia hurudisha karibu zote. Vioo vifunike kwa kitambaa kizito kisichong'aa. Puto zishushwe, maana huzunguka na upepo wa feni na huwezi kujua zitaurudisha mwale wapi. Mwisho wa safari ya mwale uwe ukuta uliopakwa rangi isiyong'aa.

Ukifunga, tumia klampu ya chuma inayolingana na bomba la trasi (fremu ya mabomba ya kuning'inizia taa), kisha waya wa usalama wa chuma unaopita kwenye tundu lake maalumu la mashine na kuzunguka bomba. Waya uwe mfupi. Ukiacha kitanzi kirefu, mashine ikianguka itapata kasi kabla ya kushikwa. Stendi ya miguu mitatu katikati ya watu hatuishauri hata kwa mifuko ya mchanga.

Halafu bamba. Hiki ndicho kitu tunachokisisitiza kuliko programu yoyote: kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kilichofungwa kwa skrubu mbele ya tundu la mwanga, kinachokata kila mwale unaoelekea chini ya mstari wako. Mashine nyingi nzuri huja nalo, la kuteleza juu na chini. Usibandike utepe mweusi badala yake. Mwale wa bluu wa wati 1 huunguza utepe, na moshi wake huganda kwenye kioo cha mbele. Kompyuta ikikwama, kebo ikichomoka, mtoto akibonyeza kitufe, bati halibadiliki.

Kabla hujawasha, unganisha kitufe cha dharura kwenye tundu la intaloki, yaani kikato cha usalama, nyuma ya mashine. Kijaribu: ukibonyeza, mwanga wote ukatike mara moja, ukikiachia, usirudi mpaka uuruhusu mwenyewe kwa mkono. Ukirudi wenyewe, kitufe hicho kimeunganishwa vibaya.

Sasa mpangilio wa eneo la miale. Ukumbi uwe mtupu na milango imefungwa, mtu mmoja akikaa mlangoni. Shusha nguvu kwenye programu hadi asilimia 5, lakini usijidanganye: asilimia 5 ya wati 3 ni miliwati 150, bado haitazamwi. Tupa mchoro wa mraba ukutani, uupunguze mpaka kingo zake zote ziwe ndani ya eneo ulilopima kwa futi ya fundi. Kagua njia yote ya mwale kwa karatasi nyeupe iliyofungwa kwenye ufito, wewe ukiwa chini na pembeni. Usipande ngazi kwenda kuchungulia. Ukiridhika, panda hadi nguvu kamili, rudia ukaguzi wa karatasi, kisha piga alama kwa rangi kwenye klampu na boliti zake. Alama hizo zikiachana usiku, utajua mashine imesogea.

DJ wetu anasema hahitaji kompyuta, anaweka leza icheze yenyewe kwa sauti ya muziki. Kuna ubaya gani? — Msomaji, Kisauni

Ubaya ni kwamba hakuna aliyechagua mwale uende wapi. Michoro iliyomo ndani ya mashine hutumia upana wote wa vioo vyake viwili vidogo vinavyotikisika, juu, chini na kando, na mingine ina nukta zilizosimama tuli kwa sekunde nzima. Nukta iliyosimama ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu nguvu yote inakaa mahali pamoja.

Hata wanaotumia DMX, yaani kuendesha taa kwa ishara zinazopita kwenye kebo, hawajaokoka. Baadhi ya mashine za bei nafuu zikikosa ishara ya DMX hurudi zenyewe kwenye mchezo wa sauti. Kebo inakanyagwa, na ghafla leza inacheza isivyopangwa. Ingia kwenye menyu, tafuta mpangilio wa kukosa ishara, uuweke kwenye kuzima. Kisha chomoa kebo makusudi uone kama kweli inazima.

Na stima. Inapotea saa tatu usiku, jenereta inaguruma, kila kitu kinarudi. Leza ya daraja la 4, yaani yoyote inayozidi nusu wati, inatakiwa isubiri mtu aiwashe upya kwa mkono baada ya umeme kukatika. Nyingi za sokoni hazisubiri. Kwa hiyo giza likiingia, kitu cha kwanza fundi anachofanya ni kugeuza ufunguo wa leza, ndipo atafute tochi. Tena usiiweke leza kwenye ekstenshen moja na mashine ya moshi. Mashine ya moshi ya wati 1,500 inakula zaidi ya ampea 6 kwenye volti 240, na kila hita yake inapowaka, volti hushuka. Leza hujizima na kuanza upya, na ukianza kutafuta kasoro utailaumu leza bure.

Assalaam aleikum. Mimi ni mpambaji. Kwenye shughuli za kina mama wanaume hawaingii, kwa hivyo fundi huwasha leza kabla ya wageni kufika, akakaa nje mpaka mwisho. Mwaka huu mabibi harusi wote wataka leza. Tufanyeje? — Mpambaji, Mji wa Kale

Waaleikum salaam, dada. Swali hili lilistahili kuulizwa zamani. Leza iliyoachwa bila mtu wa kuiangalia haifungwi mita 3. Kanuni zile zile za Marekani zinadai mita 6 juu ya watu. Hebu tafuta ukumbi Mombasa wenye nafasi ya mita 6 juu ya vichwa, na bado ubaki na dari ya kupitishia miale. Ni wachache mno. Na kamera ya kumwezesha fundi atazame akiwa nje haiwezekani, kwa sababu ile ile iliyomtoa nje.

Zimebaki njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo tunayoipenda, ni kuacha leza na kukodi taa za LED zinazozunguka zenye mwale mwembamba. Ukumbi ukiwa na ukungu kidogo, miale yake inaonekana kama nguzo za mwanga, picha zinatoka vizuri, na haina ile nguvu ya kujibana hadi nukta jichoni. Bi harusi hatapungukiwa na kitu.

Ya pili ni kumfundisha mwanamke akae na mashine. Si kazi ya miaka. Ajue ufunguo uko wapi, kitufe cha dharura kiko wapi, alama za klampu zinasemaje, na katika hali zipi abonyeze bila kuuliza mtu: mwale ukionekana kwenye uso au kifua cha mtu yeyote, mtu akipanda juu ya kiti au meza, mashine ikitikisika, mwale ukisimama mahali pamoja. Akibonyeza kwa makosa, hasara ni dakika mbili za giza. Fundi wa kiume afanye ufungaji na ukaguzi wote mchana, amkabidhi, atoke. Kitufe kiwe na waya wa kutosha kufika anapokaa, si nyuma ya pazia.

Kwa upande wako wa mapambo, angalia mambo matatu. Vitambaa vya dari visipite mbele ya mashine. Mwale uliosimama, ukiwa mita moja au mbili kutoka tunduni, huchoma kitambaa cheusi au cha rangi iliyoiva. Ile njia ya vioo anayopita bi harusi ni hatari zaidi kuliko shanga za nguo yake, maana kioo bapa hurudisha mwale mzima jinsi ulivyo, ilhali shanga ya mviringo huutawanya. Na nyuma ya kiti cha maharusi, ukiweza, achana na paneli za vioo. Kama ni lazima, mwambie fundi kabla hajapima, si baada.

Kamera yangu imetokea mstari wa zambarau usiofutika baada ya harusi moja. Ni leza? Nimdai nani? — Mpiga video, Tudor

Ni dalili ya leza, naam. Kihisi cha kamera hakipepesi, na lenzi kubwa hukusanya mwanga mwingi kuliko mboni ya jicho. Mwale ukipita mara moja tu unaweza kuua pikseli kadhaa, au mstari mzima. Hakitengenezeki, hubadilishwa.

Kudai ni juu ya mkataba wenu, na wengi hawana. Andika sharti moja kabla ya kazi: mpiga video aonyeshwe njia ya miale, na kamera yoyote isielekezwe kwenye tundu la mashine wakati leza inawaka. Simama upande ule ule ilipo leza, ukipiga kule inakoelekea. Miale huonekana hafifu zaidi kutoka huko, lakini kamera iko salama. Kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani huacha kihisi wazi hata zikiwa zimezimwa, kwa hiyo ikiwa juu ya stendi bila kutumika, funika lenzi. Droni chini ya dari yenye leza, usirushe.

Nimepigwa na mwale jichoni nikipanga mashine. Hakuna maumivu, ila naona doa. Nisubiri? — Msomaji, Changamwe

Usisubiri. Retina haina mishipa ya maumivu, basi kutoumwa hakuna maana kwamba hujaumia. Doa linalopungua ndani ya dakika chache huenda ni mng'ao tu. Likikaa, au mistari iliyonyooka ikaonekana imepinda, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Jipime kwa karatasi ya hesabu yenye miraba: funika jicho moja, tazama katikati, kisha jingine. Usisugue, usitie matone uliyopewa na jirani. Mwandikie daktari rangi ya mwale, nguvu ya mashine na umbali uliokuwepo.

Hoteli yetu iko ufuoni na tunataka leza za mkesha wa mwaka mpya, miale ielekee baharini na angani. Ruhusa inahitajika? — Mratibu wa hafla, Bamburi

Angani, hapana, msifanye hivyo bila kwanza kuwasiliana na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Uwanja wa ndege wa Moi uko Port Reitz, na viwango vya kimataifa vya usafiri wa anga vinaweka eneo la tahadhari la kilomita 18.5 kuzunguka uwanja. Ndani ya eneo hilo, mwale unaofika kwenye ndege haufai kuzidi maikrowati 5 kwa sentimita ya mraba. Mwale wa kijani wa wati 3 unakuwa juu ya kiwango hicho hadi karibu kilomita 8.7. Hauunguzi jicho la rubani umbali huo. Unampofusha kwa sekunde chache, na anapokaribia kutua sekunde chache ndizo anazozihitaji.

Baharini nako si kitupu. Kuna wavuvi usiku, kuna meli zinazoelekea Kilindini, na mlinzi wa zamu melini hutumia darubini, ambayo huongeza mwanga unaoingia jichoni. Maji yakiwa shwari na mwale ukiyagusa kwa pembe nyembamba, sehemu kubwa hurudi juu.

Suluhisho ni kuupa mwale mahali pa kuishia. Geuzeni jukwaa litazame jengo la hoteli, miale iishie kwenye ukuta usio na madirisha wala roshani za vyumba. Minazi haihesabiki kuwa ukuta; upepo ukivuma, makuti hufunguka na mwale hupenya. Na paa la makuti lisiguswe na mwale wa daraja la 4 kwa karibu: makuti makavu hushika moto, na kioo kimoja cha ndani kikikwama mwale unasimama mahali pamoja.

Mwezi wa Disemba upepo ni wa kaskazi. Wekeni mashine ya ukungu upande unakotoka upepo, mbali kidogo na watu, pamoja na feni ya kuutandaza. Bila ukungu hakuna miale ya kuonekana, na fundi asiyejua hilo huongeza nguvu badala ya kuongeza ukungu.

Nitajuaje leza ya dukani ni ya daraja gani? — Msomaji, Mtwapa

Tafuta kibandiko chenye daraja, nguvu na mawimbi kwa nanomita, kwa mfano 638 nyekundu, 520 kijani, 450 bluu. Daraja la 3B ni miliwati 5 hadi 500; zaidi ya hapo ni la 4. Kisha tafuta ufunguo, tundu la intaloki na taa ya kuonyesha leza inawaka. Kibandiko kikikosekana, ichukulie ni daraja la 4 mpaka ipimwe. Vile vijileza vya nukta za kijani vya kuweka mezani navyo vimo: vingi huzalisha kijani kutokana na mwanga wa infraredi, na vikikosa kichujio, infraredi hiyo hutoka pamoja na kijani bila wewe kuiona. Bluu nayo hudanganya, huonekana hafifu ilhali nguvu yake ni ile ile. Miwani ya jua haikingi chochote kati ya hivi.

Miale yangu imekuwa minene na hafifu, ingawa mashine ina miezi michache tu. — Fundi, Likoni

Ni chumvi ya bahari na mafuta ya ukungu yaliyoganda kwenye kioo cha mbele. Zima, toa ufunguo, chomoa plagi. Puliza vumbi kwa mpira wa kupulizia, kisha futa mara moja, upande mmoja, kwa karatasi ya lenzi iliyoloweshwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, utupe karatasi hiyo. Usizungushe. Ndani usifungue. Ukitoa mashine kwenye gari lenye kiyoyozi, iache ndani ya sanduku lililofungwa kwa nusu saa kabla ya kuiwasha, la sivyo umande utatanda kwenye vioo vya ndani, na huo hakuna karatasi ya kuufuta.